Chuo cha Uuguzi cha Serikali au cha Binafsi: Namna ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada

Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, wauguzi na matabibu hugeuka washauri wa mitaa yao. Jirani huja na karatasi ya alama mkononi na kuuliza: kijana huyu asome uuguzi chuo cha serikali au cha binafsi? Kwa familia ya Kwa Mathias, katika mji wa Kibaha, swali hili lina uzito wa pekee. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi, iko jirani, na majeruhi wa ajali za Barabara ya Morogoro hupelekwa hapo. Muuguzi anayeandaliwa vibaya leo ndiye atakayempokea mgonjwa kesho, pengine mgonjwa wa nyumba ileile iliyouza kiwanja ili kumsomesha.

Somo hili linaeleza mambo ambayo ni sawa katika vyuo vyote, mambo yanayotofautiana, na hatua za kufuata kabla ya fedha kutoka mfukoni. Hoja yake kuu ni kwamba jina la mmiliki wa chuo halitoshi kuamua. La kutazamwa kwanza ni mahali ambapo mikono ya mwanafunzi itajifunzia kazi, na ni nani atakayeisimamia.

Mambo yaliyo sawa kwa vyuo vyote

Chuo kiwe cha serikali au cha binafsi, mafunzo ya uuguzi na ukunga ya ngazi ya kati husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET. Anayemaliza ngazi ya 5 hupata cheti, na anayemaliza ngazi ya 6, kwa kawaida baada ya miaka 3, hupata stashahada. Mwombaji anayetoka kidato cha nne hutakiwa kuwa na ufaulu wa angalau alama D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu wa Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi. Chuo kinachoahidi kumpokea mwombaji asiye na sifa hizo hakimfanyii hisani. Kinachukua fedha yake kwa safari isiyo na mwisho mwema.

Baada ya chuo hufuata Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hakuna mtu anayeruhusiwa kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa au kuandikishwa na kupewa leseni. Cheti cha chuo, hata kikiwa na alama nzuri, hakimruhusu mtu kumchoma mgonjwa sindano. Hapa mhitimu wa serikali na mhitimu wa binafsi husimama mlango mmoja.

Mambo yanayotofautiana

Tofauti ya kwanza ni njia ya kuingia. Maombi ya vyuo vya serikali hupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET, na mwombaji huweza kupangwa mbali na kwao. Kijana wa Kwa Mathias anaweza kutamani Chuo cha Uuguzi Bagamoyo, kilicho mkoani mwake, akajikuta Newala. Vyuo vya binafsi hupokea maombi moja kwa moja, hivyo mwombaji huchagua mahali mwenyewe.

Tofauti ya pili imo ndani ya neno "binafsi". Vyuo vya Ndanda, Peramiho na Haydom si vya serikali, lakini vilikua pamoja na hospitali za taasisi za dini, ambako mwanafunzi hutoka darasani na kuingia wodini kwa miguu. Chuo kilichoanzishwa kama biashara katika jengo la kupanga, bila hospitali yake, ni jambo jingine. Chuo cha namna hiyo kinaweza kufundisha vizuri, ila hutegemea makubaliano na hospitali za wengine ili wanafunzi wake wapate wagonjwa wa kuhudumia. Makubaliano hayo yakilegea, mwanafunzi humaliza muhula akiwa amezoea sanamu ya mazoezi kuliko mwili wa binadamu.

Kibaha yenyewe ina historia inayofundisha jambo hili. Mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, uliweka shule, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya mahali pamoja. Fikra yake ilikuwa kwamba elimu na huduma zikae jirani. Katika uuguzi fikra hiyo haijazeeka.

Tofauti ya tatu ni gharama, na hapa wengi hukosea kwa kulinganisha ada peke yake. Mfano ufuatao ni wa kufundishia hesabu tu, si bei za chuo chochote. Chuo cha binafsi kilicho karibu na nyumbani kinadai kwa mwaka ada ya shilingi 1,600,000, michango 400,000, na nauli ni 300,000. Jumla ni 2,300,000, na kwa miaka 3 ni 6,900,000. Chuo cha serikali kilicho mbali kinadai ada 1,200,000, michango 250,000, malazi na chakula 900,000, na nauli ya likizo 150,000. Jumla ni 2,500,000, na kwa miaka 3 ni 7,500,000. Chenye ada ndogo kimekuwa ghali zaidi kwa shilingi 600,000. Mwanafunzi akihitaji kupanga chumba karibu na chuo cha binafsi, hesabu hugeuka tena. Kwa sababu hiyo kila familia ifanye hesabu yake, ikijumlisha sare, vifaa, mitihani, bima ya afya na nauli ya kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo.

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikitoa mikopo pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, baadhi ya kozi za afya zikiwa miongoni mwake. Ni msaada mkubwa, lakini mkopo ni deni, na deni hulipwa hata kama chuo kilikuwa kibovu.

Funzo kutoka Marekani

Huko Marekani kuna vyuo vya umma vya jamii vyenye ada nafuu, na vyuo vya biashara vinavyojitangaza kwa nguvu. Wahitimu wa aina zote mbili hufanya mtihani mmoja wa leseni. Septemba 2016 kampuni ya ITT, iliyokuwa pia na mafunzo ya uuguzi, ilifunga vyuo vyake vyote kwa mara moja, na maelfu ya wanafunzi wakabaki na madeni na masomo nusu. Januari 2023 waendesha mashtaka wa serikali kuu walitangaza kwamba zaidi ya stashahada 7,600 za uuguzi za uongo zilikuwa zimeuzwa kupitia vyuo vitatu vya Florida. Anayeumia katika biashara kama hiyo si mnunuzi wa karatasi peke yake. Ni mgonjwa aliyelala kitandani akiamini kwamba aliyesimama mbele yake amefundishwa.

Hatua tano kabla ya kulipa

1. Kuhakiki kwa NACTVET kwamba chuo kimesajiliwa, na kwamba kozi ya uuguzi na ukunga yenyewe imeidhinishwa. Chuo chaweza kuwa na usajili kwa kozi nyingine bila kuwa na idhini ya uuguzi.
2. Kuuliza hospitali ya mazoezi ni ipi, kisha kwenda hospitalini hapo na kuuliza kama wanafunzi wa chuo hicho wanaonekana wodini.
3. Kuuliza wakufunzi wauguzi ni wangapi, na nani hukaa na wanafunzi wodini na leba.
4. Kuzungumza na wahitimu wawili au watatu: je, wamepata leseni, na iliwachukua muda gani?
5. Kudai orodha ya malipo yote kwa maandishi, na kulipa benki kwa jina la chuo, si mkononi mwa wakala.

Wajibu wa mhudumu na wa mgonjwa

Muuguzi wa wodini anajua jambo ambalo tangazo la chuo halilisemi: wanafunzi wa wapi hufika na msimamizi, na wa wapi huachwa wajitafutie. Anapoombwa ushauri, aseme alichokiona, bila kukipamba chuo alikosoma yeye. Na mwanafunzi anapofika zamu, atoke chuo chochote, afundishwe kwa bidii ileile, kwa kuwa mgonjwa hataulizwa kama anataka muuguzi wa serikali au wa binafsi.

Mgonjwa naye ana haki ya kujua kwamba anayemhudumia ni mwanafunzi, na kuomba msimamizi awepo. Akikubali kuhudumiwa, anachangia kumfundisha muuguzi wa miaka ijayo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini cheti cha chuo hakitoshi kumruhusu mhitimu kufanya kazi ya uuguzi?
2. Chuo cha taasisi ya dini chenye hospitali kinatofautianaje na chuo cha biashara kisicho na hospitali?
3. Andika gharama zote za miaka 3 kwa vyuo viwili vinavyofikiriwa na familia yako. Je, chenye ada ndogo bado ndicho nafuu? Na kati ya hivyo viwili, ni kipi kitakachompa mwanafunzi siku nyingi zaidi wodini chini ya msimamizi?