Mapeasi ya Augustino: usafi wa moyo hupotea vipi?



Wengi tunadhani mtu asiye na hatia ni yule asiyejua kitu. Mtoto ni malaika, tunasema, kisha anakua, anayaona ya dunia, basi, usafi umekwisha. Mimi hili silikubali, na Mtakatifu Augustino naye hakulikubali.

Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika akiwa askofu wa Hippo kuanzia mwaka 397 hivi, anasimulia alivyomwona mtoto mchanga, hata kusema bado, amemkazia macho ya wivu mwenzake aliyekuwa akinyonya ziwa lile lile. Anasema mtoto hadhuru kwa sababu viungo vyake ni dhaifu, si kwa sababu moyo wake ni safi. (Kina mama mtanisamehe.) Hata neno la Kilatini, innocens, maana yake ni "asiyedhuru". Sasa yupo asiyedhuru kwa kuwa hawezi, na yupo asiyedhuru ingawa anaweza. Huyu wa pili ndiye tunayemtafuta.

Halafu kuna kisa cha mapeasi. Augustino ana miaka 16, yuko kwao Thagaste, Algeria ya leo. Usiku, yeye na wenzake wanauendea mti wa watu, wanautikisa, wanabeba mzigo mzima. Njaa hawana, na yeye ana mapeasi mazuri kuliko hayo. Wanaonja kidogo, mengine wanawatupia nguruwe.

Askofu mzima anajaza kurasa kwa mapeasi! Lakini swali lake ni zito: kwa nini nilifanya? Kwamba wizi ni dhambi alijua vizuri. Jibu analolirudia ni kwamba peke yake asingefanya. Wenzako wakisema twendeni, unaona aibu kuonekana wewe ndiye pekee mwenye aibu.

Hebu tazama grupu lako la WhatsApp. Inaingia picha ya msichana ambaye hakukubali isambazwe. Kuingia kwake hakujakuchafua, hukuiita. Ila ukiweka alama ya kucheka? Ukiituma kwenye grupu lingine? Yule dada humchukii hata kidogo, kama Augustino asivyokuwa na njaa. Umecheka kwa kuwa wote wamecheka. Na yeye kesho asubuhi anatakiwa kuingia darasani.

Augustino alibatizwa na Askofu Ambrosi kule Milano, Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32. Ubatizo haukumfutia kumbukumbu, maana miaka kumi baadaye bado anayakumbuka yale mapeasi. Ila hasemi "tulikuwa watoto tu", wala hamtaji kwa jina hata mmoja wa wale wenzake. Anajitaja yeye.

Basi Jumamosi, kwenye kiti cha maungamo, usiseme "Padre, tulicheka". Sema "nilicheka". Na kabla ya hapo, leo hii, andika kwenye grupu: jamani, futeni hiyo picha.