Dondoo muhimu: Kununua gari-nyumba lililokwisha kukodishwa

Huko Marekani, ambako makampuni ya kukodisha huyauza magari-nyumba yao baada ya miaka michache ya safari, mnunuzi aghalabu hutazama maili na bei, akaghafilika na jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni kadiri ya shehena ambayo gari laweza kuichukua kwa salama.

1. Kabla ya kuulizia bei, soma kibandiko cha uzito kilicho mlangoni, kitajacho kikomo cha abiria na mizigo kwa pamoja.

2. Usiyadharau maji: lita 1 ni kilo 1, hivyo tangi la lita 150 likijaa limekwisha kula kilo 150 za shehena yako kabla hujapakia hata sufuria.

3. Hesabu watu, baiskeli, vyombo, na hata uzito ambao trela huutia juu ya ndoano.

4. Lipeleke gari kwenye mizani ya malori likiwa limejaa mafuta, ukapime kila ekseli peke yake, maana jumla yaweza kuwa halali ilhali ekseli ya nyuma imelemewa.

5. Bonyeza kwa kidole kuta na dari ya kitanda kilicho juu ya dereva. Palipo laini pamepenya maji, na gari hilo liache.

6. Tazama umri wa tairi, si kashata zake tu: tarakimu 3519 ubavuni ni juma la 35 la mwaka 2019.

7. Dai daftari la matengenezo, na saa za jenereta.