Maadili katika kikundi cha utafiti wa afya: wajibu kutoka chuoni hadi kihambani

Utangulizi

Wilaya ya Hai, yenye tarafa za Machame, Masama na Lyamungo kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambayo watafiti wa afya wameyatembelea mara nyingi. Kuanzia mwaka 1992, Hai ilikuwa moja ya maeneo matatu ya mradi wa Wizara ya Afya wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima, pamoja na Morogoro Vijijini na sehemu za Dar es Salaam. Wahojiwa walikuwa ndugu wa marehemu, nao waliombwa kueleza dalili alizokuwa nazo mpendwa wao kabla ya kufariki. Baadaye ulifanyika utafiti wa ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko, ukakamavu wa misuli na uzito wa mwendo. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, katika wakazi 161,071 waliofikiwa nyumba kwa nyumba walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa na mtaalamu jina la maradhi yao.

Kazi ya namna hiyo haiwezekani pasipo mwenye nyumba kufungua mlango. Makala haya yanaeleza wajibu wa kila mmoja katika kikundi cha utafiti: kiongozi, mwanafunzi, mkusanya takwimu na mtumishi wa zahanati. Aidha, yanamweleza mgonjwa haki zake anapoombwa kushiriki.

Chimbuko la kanuni na vyombo vya usimamizi

Kanuni za maadili ya utafiti zilizaliwa kutokana na madhara waliyotendewa watu. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilifuata kesi ya madaktari waliofanya majaribio ya kikatili kwa wafungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha Azimio la Helsinki, ambalo limerekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni mwaka 2024. Katika marekebisho hayo, anayefanyiwa utafiti sasa huitwa mshiriki, yaani mtu mwenye kauli katika jambo linalomhusu.

Mfano wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, unavifaa sana vikundi vya utafiti. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya serikali ya afya iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuelezwa ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipokubalika kuwa tiba katika miaka ya 1940 hawakupewa. Watumishi wengi walipita katika mradi huo wakauona. Mtumishi mmoja wa idara hiyo, Peter Buxtun, alianza kulalamika kwa wakuu wake mwaka 1966, lakini mradi haukusimama hadi habari zake zilipochapishwa magazetini mwaka 1972. Uovu ule ulidumu miaka 40 kwa sababu kila mmoja alitimiza sehemu yake ndogo ya kazi bila kuuliza maana ya kazi nzima.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya hufanya kazi chini yake, na vyuo vya tiba navyo vina kamati zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza wajibu wa kutunza siri za watu. Hata hivyo, cheti cha kamati hakifiki peke yake hadi Masama. Kinabebwa na watu, na mwenendo wa watu hao ndio kiini cha somo hili.

Mlangoni: idhini ya mshiriki

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika malezi ya nyumbani methali hiyo ni ya huruma. Katika utafiti, mgonjwa lazima aulizwe, tena aulizwe kabla ya kupimwa chochote.

Ruhusa ya mwenyekiti wa kitongoji humwezesha mtafiti kuingia kijijini, lakini haichukui nafasi ya idhini ya mtu mwenyewe. Vivyo hivyo, mume hamwekei mkewe sahihi, wala mtoto mtu mzima hamsemei mzazi wake mwenye akili timamu. Mzee anayeelewa zaidi Kimashami aelezwe kwa lugha hiyo. Asiyejua kusoma asomewe maelezo mbele ya shahidi asiye mwanakikundi, ndipo aweke alama ya dole gumba.

Ugumu mkubwa humpata mtumishi wa zahanati anayehudumia wagonjwa na wakati huohuo kuwaandikisha katika utafiti. Mama anayemtegemea muuguzi huyo kwa chanjo za wanawe anaweza kuona haya kumkatalia. Kwa sababu hiyo inafaa mtu mwingine aombe idhini, na mgonjwa aambiwe wazi kwamba akikataa, huduma yake haitapungua. Ni lazima pia aelezwe tofauti kati ya tiba na utafiti: tiba inalenga nafuu yake, ilhali utafiti unatafuta jibu la swali, na huenda usimletee nafuu yoyote.

Ukweli wa takwimu: mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili. Kikundi kinapima shinikizo la damu la wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Mkusanya takwimu hulipwa kwa idadi ya madodoso. Ni masika, na njia za kupanda kwenye vihamba zimejaa utelezi. Jioni analeta madodoso 18, na katika 15 kati yake kipimo ni 120/80. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayekagua anatia shaka. Ripoti inatakiwa baada ya wiki mbili, na profesa wake ana haraka.

Akinyamaza, nini kitatokea? Takwimu zitaonyesha kwamba wazee wa kata ile wana shinikizo la kawaida. Mganga mfawidhi hatakuwa na hoja ya kuomba dawa zaidi. Na bibi mwenye shinikizo la 190/110, ambaye hakupimwa kabisa, atabaki katika orodha ya wazima hadi siku atakapopata kiharusi.

Hatua sahihi ni hizi:

1. Madodoso yote ya siku hiyo yatengwe kama yalivyo, bila kufutwa wala kurekebishwa.
2. Baadhi ya kaya zitembelewe upya na mtu mwingine, ili kuthibitisha kama zilifikiwa.
3. Mkusanya takwimu asikilizwe faraghani kabla ya kuhukumiwa. Huenda mashine ni mbovu.
4. Ikithibitika kwamba takwimu zimebuniwa, ziondolewe, kazi yote ya mhusika ikaguliwe, na kamati ya maadili iarifiwe.
5. Kiongozi auchunguze mpango wake mwenyewe. Malipo kwa idadi ya madodoso na malengo yasiyofikika wakati wa masika humsukuma mtu kwenye udanganyifu.

Kosa la kawaida la uandishi nalo lina utaratibu wake. Hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maandishi ya awali yasomeke, kisha huwekwa sahihi fupi na tarehe.

Heshima kati ya mkubwa na mdogo

Katika malezi yetu mdogo hamkosoi mkubwa hadharani. Adabu hiyo ni njema, ila isigeuke pazia la kuficha kosa. Kiongozi mwenye busara huweka kikao cha kila wiki ambamo takwimu zenye shaka huletwa mezani kama jambo la kawaida. Pia humtaja mtu wa nje ya kikundi ambaye mwanafunzi anaweza kumwendea akiwa na hofu. Mdogo naye ana wajibu wake: aandike alichokiona na tarehe, aseme kwanza na msimamizi wake, na asipotosheka afike kwenye kamati ya chuo.

Kudai ngono kwa ahadi ya alama, nafasi au jina kwenye makala ni jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Jambo hilo halimalizwi kwa usuluhishi wa ndani ya idara.

Kuhusu uandishi, majarida mengi ya tiba hutaka mwandishi atimize masharti manne: awe amechangia kwa uzito katika wazo au takwimu, ameandika au kuihakiki rasimu kwa kina, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Cheo pekee hakimfanyi mtu mwandishi. Makubaliano ya majina yaandikwe mwanzoni mwa kazi, na wasaidizi wa kijijini washukuriwe, kwa ridhaa yao.

Kurudisha matokeo

Watafiti waliokuta wagonjwa wa Parkinson ambao hawakuwahi kutambuliwa walikutana na swali linalokihusu kila kikundi: ukigundua ugonjwa, unamwachaje mwenye nao? Mpango wa rufaa uandaliwe kabla ya mtu wa kwanza kupimwa. Mwenye shinikizo la hatari aambiwe siku hiyohiyo na kuandikiwa barua ya kwenda kituo cha afya, Hospitali ya Machame au KCMC, kadiri ya hali yake. Kazi ikiisha, matokeo ya jumla yarudi kwenye mkutano wa kijiji kwa Kiswahili chepesi, bila kutaja jina la mtu.

Haki za mshiriki kwa ufupi

- Kujua nani anafanya utafiti, kwa lengo gani na kwa kibali cha nani.
- Kuuliza, kupewa muda wa kufikiri na kushauriana na jamaa.
- Kukataa au kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu.
- Kutunziwa siri, na kuelezwa sampuli ya damu yake itapelekwa wapi.
- Kupewa namba ya simu ya kamati ya maadili kwa ajili ya malalamiko.

Hitimisho

Mwenye kihamba anayemkaribisha mtafiti hana njia ya kukagua kompyuta za chuo. Amemwamini mgeni aliyebisha hodi, na kupitia kwake amekiamini kikundi kizima. Kila mwanakikundi anayetunza ukweli wa tarakimu moja anaitunza amana hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ruhusa ya kiongozi wa kijiji haitoshi kuwa idhini ya mshiriki?
2. Ukiwa mwanafunzi katika mfano wa madodoso 18, ungemweleza nini profesa wako, na kwa maneno gani?
3. Katika kituo chako, mshiriki akigundulika na ugonjwa leo, atapelekwa wapi, na nani atafuatilia kama amefika?