Daftari la Dada: Somo Nililolipata Ukerewe Likizo Ndefu

Wanachuo wenzangu, likizo imeisha na kila mtu amerudi na stori zake. Mimi baada ya TP nilipanda meli pale Mwanza nikaenda Nansio, nyumbani kwetu Ukerewe, nikidhani nakwenda kupumzika wiki tatu. Kumbe nakwenda kwenye ugomvi. Nauandika hapa kwa sababu naamini nyumba nyingi za wasomaji wetu zina ugomvi wa aina hii, na kwa sababu unahusu jambo tunalofundishwa sisi wa Elimu kila muhula, tunalijibu kwenye mtihani, halafu tunalisahau.

Kilichotokea

Tumezaliwa watatu. Kaka ana miaka 36, yuko Dar. Dada ana 32, yuko nyumbani na Mama. Mimi ni kitinda mimba, nina 22. Baba alifariki miaka minne iliyopita, akaacha mtumbwi wa dagaa, injini moja na nyavu. Tangu hapo msimamizi ni Dada.

Kwa asiyejua, dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji (zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola), dagaa hufuata mwanga, ndipo wanapozungushiwa nyavu. Mbalamwezi ikitoka, taa hazifui dafu. Mitumbwi inapumzika mwaloni na watu wanashona nyavu. Kwa hiyo kwetu vikao vya familia hufanyika siku za mbalamwezi, maana ndipo watu wanapatikana.

Kaka alikuja na hoja moja: mtumbwi uuzwe, hela zimalizie nyumba yake ya Chanika, Mama ahamie huko awe karibu na hospitali kubwa.

Dada akauliza, "Na mimi?"

"Wewe utatafutiwa kitu cha kufanya."

"Nitafutiwe? Kwani sasa hivi sifanyi kitu?"

Kaka akapandisha sauti. "Miaka yote hii nani anatuma hela hapa?" Mama akainama, hakusema. Kisha Kaka akanigeukia: "Haya msomi, wewe ndiye umesoma. Sema."

Basi nikasema. Nilizungumza kama dakika kumi kuhusu mtaji, injini kuchakaa na bei ya petroli, nikamuunga mkono Kaka. Dada aliniangalia, akasema tu, "Sawa, mwalimu," akatoka nje.

Vitabu vinasemaje

Usiku ule sikulala vizuri. Nikajaribu kujifariji na nadharia. Alfred Adler, daktari wa Vienna aliyefariki mwaka 1937, alisema nafasi ya mtoto katika kuzaliwa hujenga tabia yake: wa kwanza hupenda kutawala, wa mwisho hudekezwa, na kadhalika. Nikajiambia, ndivyo tulivyo, Kaka lazima awe bosi.

Lakini hoja hiyo haina nguvu kama tunavyodhani. Mwaka 2015 watafiti watatu walichambua taarifa za watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, wakakuta kwamba nafasi ya kuzaliwa karibu haina athari kwenye sifa kama upole, bidii au uchangamfu. Kama ni hivyo, tunagombana kwa sababu gani?

Nadhani jibu liko kwenye utafiti mwingine ambao kila mwanafunzi wa Elimu anaujua. Mwaka 1968 Rosenthal na Jacobson walichapisha kitabu kuhusu shule moja ya msingi huko California. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani wangepiga hatua kubwa mwaka ule. Ukweli ni kwamba majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu. Mwaka ulipoisha, watoto waliotajwa, hasa wa madarasa ya chini, walikuwa wamepanda kuliko wenzao kwenye vipimo vya akili. Kazi hiyo imekosolewa sana kwa namna ilivyofanywa, lakini imetuachia swali zuri: mwalimu akishampa mtoto jina, anaendelea kumwona mtoto au analiona lile jina?

Nyumbani kwetu majina yaligawiwa zamani. Kaka ni "nguzo". Mimi ni "msomi". Dada ni "yule ambaye hakuchaguliwa", kwa sababu alipomaliza darasa la saba hakupata nafasi ya sekondari. Miaka mingi imepita tangu matokeo yale, na kwenye kikao bado tulizungumza naye kama mtoto wa darasa la saba.

Daftari

Asubuhi nilimfuata mwaloni. Alikuwa anashona nyavu. Sikujua nianzie wapi, nikakaa nikashika upande wa pili. Baada ya muda akatoa kwenye mfuko wa nailoni daftari la kaunta, akasema, "Mdogo wangu, wewe si una hesabu? Nikagulie kama nimejumlisha sawa."

Hakuhesabu kwa Januari na Februari. Alihesabu kwa giza: giza la kwanza, giza la pili. Kila giza lina ndoo zilizopatikana, petroli, mgawo wa wavuvi, matengenezo, na kilichobaki. Nilitafuta kosa kurasa kumi na mbili nikapata moja, la shilingi mia tano.

Kwenye safu ya matumizi nikakuta godoro langu la bweni, nauli zangu za kidato cha tano na sita, na miwani yangu. Hela niliyotumiwa mwaka wa kwanza boom lilipochelewa, ambayo nilimpigia Kaka simu kumshukuru, ilikuwa imeandikwa pale na tarehe yake.

"Mbona hukusema?"

"Ulishashukuru. Ningesema nini?"

Kikao cha pili

Jioni niliomba tukae tena. Sikuhutubia. Nilisoma daftari kwa sauti, giza moja baada ya jingine. Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia jambo ambalo hata Mama alikuwa halijui: alipunguzwa kazini mwaka jana, na kuna miezi amekopa ili aonekane anatuma. Ile nyumba ya Chanika aliihitaji kuliko alivyokuwa anakiri. Naye alikuwa amebebeshwa jina, na lilikuwa linamwelemea.

Sitawadanganya kwamba tulikumbatiana. Kaka aliondoka kesho yake amenuna kidogo. Lakini mtumbwi haujauzwa. Mama aliulizwa kwa mara ya kwanza anataka kuishi wapi, akasema hapo hapo, na kliniki atapelekwa Mwanza kila inapobidi. Dada atamtumia Kaka sehemu ya mapato kila giza mpaka apate kazi. Nimeambiwa giza lililopita alituma.

Tunajifunza nini

Kwanza, kabla ya kugawana mali, andikeni nani amefanya nini. Kazi ya aliyebaki nyumbani haina risiti, kwa hiyo husahaulika haraka. Pili, aliyezaliwa na mzazi ambaye bado yupo hai amuulize mzazi huyo kabla ya kumpangia. Tatu, ukiambiwa "wewe msomi, sema", omba kwanza muda wa kusikiliza.

La nne ni langu mwenyewe. Nikiwa TP nilikuwa na mwanafunzi niliyeambiwa na wenzake siku ya kwanza kwamba "huyo hafundishiki". Nilimweka nyuma wiki zote nane, na sikuwahi hata mara moja kufungua daftari lake nikaona anaandika nini.

Maswali ya kujadili chumbani

1. Nyumbani kwenu wewe umepewa jina gani, na ndugu zako je?
2. Ni nani kwenu amekulipia kitu ambacho ulimshukuru mtu mwingine?
3. Ukirudi darasani kama mwalimu, utafanya nini siku ya kwanza ili usipokee majina ya wanafunzi kutoka kwa wenzao?