Uamuzi Hufanyika Kabla ya Dhoruba



 Tunajifunza kuhusu fadhila. Najua neno hili wengi wetu tulilisikia kwenye mafundisho ya Kipaimara, tukalikariri, tukajibu swali, basi likaishia hapo. Leo nataka tuliangalie kupitia watu ambao huenda hukutegemea kukutana nao kwenye somo la dini: mabaharia wanaoshindana baharini kila mmoja peke yake.

Yapo mashindano yanayoitwa Vendée Globe, yaliyoanza mwaka 1989. Yanaanzia na kuishia mji wa Les Sables-d'Olonne, Ufaransa. Sheria zake ni rahisi kuzieleza lakini ngumu kuziishi: mtu mmoja, mashua moja ya tanga, unazunguka dunia bila kupumzika bandarini na bila kupokea msaada. Unalala kwa vipande vipande vya dakika chache, unajipikia, unajitibu, unajishonea tanga likichanika. Hii ni kwa miezi miwili au zaidi.

Sehemu inayoogopwa kuliko zote ni Bahari ya Kusini, ile inayozunguka bara la Antaktiki. Kule karibu hakuna nchi kavu ya kuukata upepo, kwa hiyo mawimbi yanasafiri mbali sana huku yakizidi kukua. Meli za mizigo ni nadra kupita. Yaani ukipata shida, mtu wa karibu yako mara nyingi ni yule yule unayeshindana naye.

Sasa twende kwenye tukio lenyewe. Mashindano ya 1996 yalianza tarehe 3 Novemba. Siku ya Noeli, wakati sisi wengine tunatoka Misa na kusubiri pilau, Mfaransa mmoja aitwaye Raphaël Dinelli alikuwa katikati ya tufani kusini mwa Bahari ya Hindi. Mashua yake ilipinduka, mlingoti ukavunjika na kutoboa sitaha, maji yakaanza kuingia. Akawasha kifaa cha kutuma ishara ya hatari kwa setilaiti. Kisha akabaki amesimama juu ya mashua inayozama taratibu, amejifunga kamba, mawimbi ya baridi kali yakimpiga usiku kucha.

Aliyekuwa karibu zaidi kuweza kumfikia ni Mwingereza, Pete Goss. "Karibu" hapa maana yake ni maili 160 za baharini, karibu kilomita 300. Na Goss alikuwa ameshampita. Ili amfikie ilimbidi ageuze mashua arudi alikotoka, apige bisho dhidi ya upepo uliozidi kilomita 100 kwa saa. Mashua yake ilikuwa na urefu wa futi 50, ndogo kuliko nyingi za wenzake zilizokuwa na futi 60. Nyumbani alikuwa na mke na watoto. Kwa kugeuka aliyaweka rehani mashindano, mashua na uhai wake.

Akageuza.

Njiani mashua yake ililazwa ubavu na mawimbi mara kadhaa. Wakati huo ndege ya jeshi la anga la Australia ilifika na kumdondoshea Dinelli maboti ya kuokolea maisha. Aliingia katika mojawapo, na muda mfupi baadaye mashua yake ikazama kabisa. Bila ndege ile Goss angekuta maji matupu. Na bila Goss, Dinelli angebaki ndani ya kiboti cha mpira mbali sana na nchi kavu. Goss alimfikia siku mbili baada ya ishara ile, akamvuta ndani. Alikuwa amekakamaa kwa baridi, hawezi hata kujisogeza. Akamlisha, akamnywesha chai, akamuuguza kwa siku kama kumi hadi Hobart, Tasmania. Baada ya hapo Goss aliendelea na safari na kumaliza wa tano. Ni watu sita tu waliomaliza rasmi mwaka ule.

Kuna jambo moja dogo katika habari hii ambalo mimi binafsi linanigusa sana. Dinelli hakuwa mshiriki rasmi. Hakuwa ametimiza masharti ya kufuzu, aliamua tu kuondoka pamoja na wengine. Mtu angeweza kusema, "Huyu si mwenzetu, alijitakia." Goss hakugeuza mashua kwa sababu ya jina kuwa kwenye orodha. Aligeuza kwa sababu kuna mtu anakufa.

Hapa tunamkumbuka Msamaria mwema (Luka 10:25-37). Kuhani na Mlawi walimwona yule majeruhi, lakini wakapita kando. Msamaria naye alimwona, akamhurumia, akasimama. Macho yaliona kitu kimoja. Basi tofauti ilitoka wapi?

Goss mwenyewe ameeleza baadaye jambo ambalo ndilo kiini cha somo letu. Anasema kwamba kwa kweli hakuwa na uamuzi mgumu wa kufanya siku ile. Uamuzi ulikuwa umeshafanyika zamani, kwa desturi ya watu wa bahari: mwenzako akiwa hatarini, unakwenda. Alichobakiza ni kugeuza usukani.

Sasa hiyo, ndugu yangu, ndiyo fadhila. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1803) inatufundisha kwamba fadhila ni mwelekeo wa kudumu na thabiti wa kutenda mema. Tazama neno "kudumu". Haizungumzii hisia nzuri zinazokujia Jumapili wakati kwaya imeimba vizuri. Inazungumzia mtu ambaye wema umeshakuwa njia yake ya kawaida, kiasi kwamba hata siku akiwa amechoka, anaogopa na ana haraka, mkono wake unajua pa kuelekea.

Yesu alitufundisha hilo kwa mfano wa nyumba mbili (Mathayo 7:24-27). Mvua ilinyesha kwa wote wawili, mito ikafurika kwa wote wawili, upepo ukazipiga nyumba zote mbili. Lakini misingi ilichimbwa siku ya jua, na hakuna anayechimba msingi huku mafuriko yako mlangoni.

Sisi vijana tuna kasumba moja: tunasema, "Siku ikifika nitajua la kufanya." Siku ukishikishwa hela ya michango ya kikundi na nyumbani kuna shida, utajua. Siku mtihani ukivuja na karatasi ikafika kwenye simu yako, utajua. Siku rafiki yako akikuandikia saa saba usiku kwamba amechoka kuishi, na wewe una usaili asubuhi, utajua. Hebu tuwe wakweli. Katika dhoruba mtu hufanya kile alichozoea kufanya. Aliyezoea kupita kando kwenye mambo madogo atapita kando na kwenye kubwa, na atapata sababu nzuri tu ya kujitetea.

Je, fadhila inapatikanaje? Katekisimu (namba 1810) inasema hukua kwa malezi, kwa matendo tunayoyafanya kwa makusudi, na kwa kudumu katika juhudi. Kisha neema ya Mungu inazitakasa na kuziinua. Yaani ni mazoezi pamoja na neema. Kusali jioni hata usipojisikia. Kurudisha chenji iliyozidi. Kwenda jumuiya hata wiki ambayo hakuna anayekusubiri. Kitubio cha mara kwa mara, maana hapo tunanyoosha usukani kabla hatujapotea mbali. Na Ekaristi, ambapo Yeye aliyejitoa kwa ajili yetu anatutia nguvu za kujitoa kwa wengine.

Lakini tahadhari. Mtu asije akasema, "Basi nikitenda mema, Mungu atanilipa niwe wa kwanza." Katika mashindano yale yale, mwezi Januari 1997, Gerry Roufs wa Canada alitoweka. Isabelle Autissier wa Ufaransa alirudi kumtafuta ndani ya dhoruba, akatafuta, hakumwona. Roufs hakupatikana tena. Je, Autissier alipoteza bure? Hapana. Mapendo hayapimwi kwa matokeo tu. Na miaka miwili baadaye, Februari 1999, katika mashindano mengine ya kuzunguka dunia, mashua ya Autissier mwenyewe ilipinduka. Mwitaliano Giovanni Soldini aliacha njia yake, akaenda, akamwokoa. Desturi ile ile aliyoishika kwa ajili ya Roufs, siku hiyo mwingine aliishika kwa ajili yake.

Hata hivyo hakuna aliyemwahidi hilo alipokuwa anamtafuta Roufs. Alikwenda kwa sababu ilipaswa kwenda.

Maswali ya kutafakari

1. Ni jambo gani dogo ninalolipita kando kila siku kwa kisingizio cha haraka?
2. Je, ninasaidia tu wale walio "kwenye orodha" yangu: rafiki zangu, dini yangu, kabila langu?
3. Ni uamuzi gani naweza kuufanya leo, bahari ikiwa shwari, ili siku ya dhoruba niukute umeshafanyika?

Chagua tendo moja tu, ulifanye kila siku kwa wiki nzima. Liwe dogo, lakini usiliruke.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe hukupita kando ulipotuona tunaangamia. Utujalie moyo uliozoea mema, ili siku mwenzetu atakapoita, tusianze kuhesabu hasara bali tugeuke na kwenda. Uwapokee wote waliopotelea baharini, na uwafariji wanaowangoja nyumbani. Maria, Nyota ya Bahari, utuombee. Amina.