SOMO LA AFYA: MTOTO MWENYE ALAMA NYEKUNDU USONI



Katika kikundi kimoja tulichotembelea, mama mmoja kijana alikaa nyuma kabisa. Mtoto wake wa miezi miwili alikuwa amefunikwa leso uso mzima. Kando ya jicho alikuwa na uvimbe mwekundu, na majirani walisema ni laana. Wanakikundi walimhurumia, wakaanza kuchanga pesa za matibabu ya leza. Hata sisi tulitoa mchango wetu. Lakini hakuna aliyekuwa ameuliza kwanza: hii ni alama ya aina gani?

Nani alaumiwe?
Hakuna. Alama hizi ni mishipa midogo ya damu iliyokua isivyo kawaida. Hazikuletwa na chakula alichokula mama wala na jicho la mtu. Someni Yohana sura ya 9: wanafunzi walitaka kujua ni dhambi ya nani, na Yesu akaikataa lawama hiyo.

Tuzijue aina mbili
1. Uvimbe wa mishipa (hemanjioma). Hutokea wiki za kwanza, hukua mbio kwa miezi kama mitano, halafu hunywea polepole kwa miaka. Mara nyingi hauhitaji tiba. Lakini ukiwa karibu na jicho, pua au mdomo, ukifanya kidonda, au mtoto akipumua kwa shida, msingoje! Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza kwamba propranololi, dawa ya moyo, huupunguza. Leo ndiyo hutangulia, si leza. Msimpe mtoto nyumbani bila daktari, kwani yaweza kushusha sukari na mapigo ya moyo.

2. Baka bapa. Mtoto huzaliwa nalo. Haliishi lenyewe, hukua pamoja naye, na ukubwani laweza kuwa nene. Hili ndilo hasa hutibiwa kwa leza. Likiwa kwenye paji la uso au kope, mtoto apimwe macho, na mzazi amweleze daktari kama mtoto hushikwa na degedege.

Leza hufanyaje kazi?
Ni mwanga wa nguvu unaomulika kwa muda mfupi sana. Wekundu wa damu huunasa mwanga huo, mishipa mibaya hupata joto na kuziba. Hurudiwa mara kadhaa, na mara nyingi baka hufifia bila kuisha kabisa. Ngozi nyeusi nayo hunasa mwanga, kwa hiyo fundi asiye mwangalifu aweza kuichoma au kuacha madoa. Muulizeni daktari: Je, amewahi kutibu ngozi kama yetu? Ni mara ngapi, na kwa gharama gani?

Kikundi kifanye nini?
Msichanje, msichome, wala msipake dawa za kubahatisha. Mpelekeni mtoto kliniki mapema, na mmoja wenu amsindikize mama.

Yule mtoto alipopelekwa hospitali, tuliambiwa hahitaji leza bali dawa, tena upesi, ili jicho lisizibwe. Zile pesa zikawa nauli na dawa. Sasa mama hukaa mbele, na leso ni ya kumbebea mtoto tu.

Maswali ya kujadili
1. Kijijini kwetu watu husemaje juu ya watoto kama hawa?
2. Je, kuna mtoto aliyefichwa nyumbani? Nani atamtembelea mama yake?
3. Mfuko wetu unaweza kutoa nauli ya dharura?