Kjötsúpa, Supu ya Mwanakondoo ya Aislandi

Kjötsúpa ni supu ya mwanakondoo na mboga za mizizi, chakula cha vuli na baridi nchini Aislandi. Msimu wake una sababu. Kondoo hupelekwa milimani mwanzoni mwa kiangazi, wakajilishia huko kwa uhuru, na ifikapo Septemba hukusanywa na kuteremshwa kwa wenyewe. Hapo uchinjaji huanza, na mizizi nayo huwa imekomaa shambani.

Nyama inayofaa ni ya bega, shingo na mbavu, iliyokatwa pamoja na mifupa yake. Kilo moja na nusu kwa lita mbili za maji hutosha watu sita. Minofu mitupu, ambayo wauzaji huisifu na kuipandishia bei, hutoa supu nyepesi. Ladha imo katika mfupa na mafuta.

Kazi yenyewe iko katika kuengua povu. Nyama hutiwa katika maji baridi na kuinjikwa kwenye moto wa wastani. Maji yanapokaribia kuchemka, protini za nyama na damu huganda na kupanda juu kama povu la kijivu. Likienguliwa hapo hapo, supu hubaki safi. Sufuria ikiachwa itokote kwa nguvu, povu huvunjika kuwa chembechembe zinazozama, na kuzichuja baadaye ni taabu. Kosa la wengi ni kumwaga súpujurtir, yaani mchanganyiko wa mboga na majani makavu ya supu, pamoja na nyama tangu mwanzo. Majani huelea, hunasa kwenye povu, na upawa huyatoa pamoja nalo. Pakiti iliyonunuliwa kwa pesa huishia kwenye bakuli la uchafu. Kwa hiyo povu huenguliwa kwanza, mara kadhaa, hadi linalopanda liwe jeupe na haba. Hapo ndipo huingia chumvi, kitunguu na majani.

Baada ya hapo moto hupunguzwa, nyama ikachemka polepole kwa dakika 45 hivi. Huanza kutiwa rófa, tanipu kubwa yenye nyama ya manjano, kwa kuwa ni ngumu kuliko mizizi mingine. Hufuata karoti na viazi, na kabichi huja mwisho. Mboga huhitaji kama dakika 20 hadi 25. Ladha ya rófa ndiyo inayoitambulisha supu hii, hivyo kuibadilisha kwa viazi vya ziada ni kuipunja.

Wengine huongeza kiganja cha mchele au shayiri ili supu iwe nzito. Lakini kjötsúpa iliyolala ni tamu kuliko ya siku ile ile, na mafuta yaliyoganda juu huondolewa kirahisi kwa kijiko. Anayekusudia kuilaza asitie mchele, maana hadi asubuhi utakuwa umefyonza mchuzi wote.